Majani Themanini ya Geuza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na moja anavuta glavu za mpira hadi katikati ya mkono. Anainama chini ya mti uliomzidi urefu, anashika jani kwa vidole viwili na kuligeuza. Upande wa juu haumshughulishi. Anapitisha lenzi ndogo upande wa chini, kando ya mshipa mkuu, midomo ikihesabu bila sauti. Kisha anashika jani jingine.

Juu ya kichwa chake yananing'inia maua marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, midomo yote ikitazama chini. Hufunguka yakiwa meupe na siku ya pili huwa na rangi ya embe bivu. Moja linamgusa bega. Halitazami.

"Ua halina habari," anasema. "Habari zote ziko nyuma ya jani."

Wataalamu wa bustani huuita mmea huu brugmansia. Hapa mtaani unajulikana kwa jina la tarumbeta, na ukiona ua lake huulizi kwa nini. Anayo miti kumi na mmoja, imepangwa kando ya ukuta wa matofali kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi hii ina maua mia moja sitini na matatu. Hesabu ni yake, na aliirudia mara mbili.

Mwaka jana nusura miti yote kumi na mmoja ing'olewe kwa siku moja.

Kazi yake ni ukaguzi katika kiwanda cha mashati. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa mbele ya meza iliyo chini ya taa nyeupe, katika ukumbi usio na dirisha, akipitisha mikononi mashati yapatayo mia tatu kwa zamu. Anayemletea shati likiwa limetazama juu husikia neno moja tu: geuza. Neno hilo limekuwa jina lake. Hata meneja, akimtafuta kwenye kipaza sauti, humwita Geuza.

"Mbele ya shati ni maneno ya muuzaji," anasema. "Ukitaka ukweli wa mshono, geuza."

Mti wa kwanza aliupata miaka kumi na minne iliyopita. Ulikuwa kipande cha tawi kilichotupwa pamoja na takataka nje ya lango la kiwanda, baada ya kupogolewa kwa ua wa ofisi. Alikichomeka kwenye kopo la rangi. Kikatoa mizizi kwa wiki tatu. Mingine kumi ilitokana na huo.

Akiulizwa kwa nini tarumbeta na si mchicha, anarudi kwenye mashati. "Mimi sijawahi kutengeneza shati hata moja," anasema. "Miaka yote hiyo nakagua ya watu. Hii miti ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu akiuliza kimefanywa na nani, nanyoosha mkono."

Matatizo yalianza katika kiangazi cha mwaka jana. Majani yalipata vidoa vya manjano, madogo kama vichwa vya sindano, kisha yakafifia na kuanza kudondoka. Alinunua dawa ya wadudu dukani, akanyunyiza kutoka juu mara mbili kwa wiki. Baada ya mwezi hali ilikuwa mbaya zaidi, na ncha za matawi zilikuwa zimefunikwa na utando mwembamba.

Hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo analieleza kwa aibu. Mdudu mwenyewe alikuwa utitiri mwekundu, ambaye hukaa na kutaga upande wa chini wa jani. Dawa iliyotua juu haikumfikia. Ilichofanya ni kuua wadudu wadogo waliokuwa wakimla.

"Mimi! Geuza! Mwezi mzima nanyunyiza mbele ya shati!" anasema, na kujipiga paji la uso, kwa mkono usio na glavu.

Alipogundua, alikasirika. Jumapili mchana alikwanyua majani mabovu kwa mikono mitupu, mti baada ya mti. Jua lilikuwa kali. Jasho likamwingia jicho la kulia, akalifuta kwa kidole.

Tarumbeta ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Utomvu wake ukigusa jicho, hupanua mboni na kuizuia isijibane, hata kwenye mwanga mkali. Yeye alijua kwamba mmea huo hauliwi. Habari ya jicho hakuijua.

Jumatatu asubuhi mishono ya shati la tatu ilimchezea. Mwenzake wa meza ya pili alimtazama usoni, akamtazama tena. "Geuza, jicho lako moja limekuwa jeusi lote."

Hospitali walishtuka. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine huweza kuwa dalili ya hatari kichwani, na hawakutaka kubahatisha. Alipigwa picha ya ubongo. Picha haikuonyesha kitu. Mumewe, fundi bomba wa miaka hamsini na sita, alifika na funguo za bomba bado mfukoni, akakaa kwenye benchi kwa saa mbili.

Jioni aliitwa daktari wa macho. Alimtia matone ambayo kwa kawaida hubana mboni. Mboni ile haikubanika. Hapo akaacha kuuliza habari za kichwa, akauliza habari za mikono.

"Jana mikono yako ilishika nini?"

"Majani, daktari."

"Majani gani?"

Alipolitaja jina, daktari alicheka, na kwa mujibu wa mgonjwa huyo, kicheko hicho ndicho kilichomharibia kwa mumewe. Mumewe hakucheka. Alisimama, akauliza kama mkewe yuko salama, akaambiwa yuko salama, akaondoka.

Nusu saa baadaye simu iliita. Alikuwa dada wa mumewe, ambaye wanaishi naye nyumba moja.

"Wifi, mumeo yuko uani na panga. Ananiuliza jiwe la kunolea liko wapi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia sijui. Nimelikalia."

"Mpe simu."

Mazungumzo yaliyofuata kila mmoja huyasimulia kivyake. Katika yafuatayo wote watatu wanakubaliana. Fundi alisema hawezi kulala nyumba moja na kitu kilichomfanya akae saa mbili akipanga msiba. Mkewe alisema kosa lilikuwa la mikono yake, si la miti. Fundi akasema mikono hiyo itarudi pale pale maadamu wadudu wapo. Hoja hiyo, mkewe anakiri, ilikuwa na nguvu.

Basi akampa masharti ya kiwandani.

Kiwandani hawakagui kila shati la mzigo unaotoka. Huchukua mashati themanini bila kuchagua. Kasoro zikiwa tano au pungufu, mzigo unapita. Zikizidi tano, mzigo wote unarudi.

"Nipe wiki sita," alimwambia mumewe kwenye simu, jicho moja likiwa limefunikwa kwa pamba. "Yachumwe majani themanini. Yenye utitiri yakizidi tano, kata miti yote, na mimi nitakushikia matawi."

"Nani atakagua? Wewe?"

"Wifi."

Fundi alikubali papo hapo. Dada yake hakuwahi kuipenda miti ile. Ilikuwa imemnyang'anya nusu ya kamba ya kuanikia nguo. "Wifi hajawahi kunipendelea hata kwenye kugawa chumvi," anasema Geuza. "Nilitaka hakimu ambaye akisema nimepita, hakuna wa kubisha."

Mboni ilirudi kawaida siku ya sita. Kiwanda kilimtaka barua ya daktari kabla ya kumrudisha mezani, hivyo alikaa nyumbani siku tisa bila ujira. Alizitumia zote chini ya miti.

Dawa ya dukani aliiacha. Majani yaliyoharibika sana aliyakata kwa mkasi, amevaa glavu na miwani ya mumewe ya kuchomelea, akayafunga kwenye mfuko na kuyatoa nje ya ua. Kila siku ya tatu aliosha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu, kisha akanyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja kwa lita, jua likiwa limeshuka. Siku ya tatu haikuchaguliwa ovyo. Wakati wa joto mayai ya utitiri huanguliwa kwa siku chache tu, na anayeosha mara moja huwa ameosha wazazi akawaachia watoto nyumba.

Shida ilikuwa namna ya kuyafikisha maji. Mpira wa maji hunyunyiza kwenda mbele au chini, na yeye alihitaji maji yanayopanda. Alilazimika kulala chali juu ya gunia, mpira mkononi, maji yakimrudia usoni.

Fundi alikuwa akipita uani na kutazama. Wiki ya pili aliguna. Wiki ya tatu alitoka na bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa mita moja na nusu, alilolikunja ncha kama shingo ya bata, na kichwa cha shaba kinachorusha maji kama feni. Aliliegemeza kwenye tangi, akaingia ndani.

Alipoulizwa kama hapo alikuwa ameanza kulegea, alikana kabisa. "Sikumsaidia," anasema. "Nilirekebisha kazi mbovu. Mtu analala chini ya maji yake mwenyewe, nyumbani kwa fundi bomba? Wateja wakiona?"

Kwa bomba hilo, kazi ya saa mbili ikawa ya dakika thelathini na tano. Vidoa vipya vikaacha kuonekana. Matawi yakachipua.

Siku ya ukaguzi meza iliwekwa uani na kutandikwa shuka jeupe. Wifi alivaa glavu na kuchuma majani themanini. Aliacha miti iliyo karibu na tangi, penye unyevu, akaenda moja kwa moja pembeni, penye ukuta wa moto, ambako utitiri hupenda kuanzia.

"Wifi, bila kuchagua!"

"Sichagui. Miguu ndiyo imenileta huku."

Mkewe fundi hakubisha tena. Alikaa kwenye kiti mita tatu kutoka mezani, mikono mapajani. Lenzi yake ya kuhesabia nyuzi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Fundi alisimama akiandika mistari ya chaki kwenye tangi.

Majani arobaini ya kwanza yalikuwa na mabovu mawili. La tatu lilikuwa la arobaini na saba, la nne la hamsini na nane. Kwenye jani la sitini na sita, wifi alichora duara hewani kwa kidole, na fundi akapiga mstari wa tano.

Yalibaki majani kumi na manne.

Kwenye jani la sabini na tatu, wifi alinyanyua kichwa. "Sita! Jekundu hili hapa, limekaa kama mfalme!"

Fundi aliweka chaki chini. Panga lilikuwa limeegemezwa mlangoni tangu asubuhi, limenolewa.

"Linatembea?" aliuliza mkewe, bado amekaa.

"Limetulia."

"Kung'uta juu ya shuka."

Wifi alikung'uta. Punje nyekundu ikaanguka juu ya kitambaa cheupe na kubaki pale pale. Aliigusa kwa pini ikabingirika. Aliibonyeza ikasagika kama mchanga. Akaisogelea kwa lenzi, akakaa muda mrefu, kisha akamgeukia kaka yake.

"Hii ni kutu."

"Kutu ya nini?"

"Ya bomba lako, fundi. Kasoro ni yako. Mti hauna kosa."

Majani saba yaliyobaki yalikuwa safi. Kasoro tano katika majani themanini. Fundi alijaribu kusema kwamba tano na sita si mbali sana. Dada yake mwenyewe ndiye aliyemjibu: "Tano inapita. Ungetaka nne, ungesema siku ile kwenye simu."

Fundi alichukua panga, akaenda kulifungia stoo. Siku iliyofuata alibadilisha ncha ya bomba akaweka ya plastiki.

Mpaka sasa wamekagua mara nne, pamoja na siku ile. Matokeo yameandikwa kwa chaki kwenye tangi na hayajafutwa: tano, mbili, moja, sifuri. Inzi weupe walijaribu bahati yao baada ya mvua. Vibao vya njano vilivyopakwa grisi viliwamaliza. Viwavi huokotwa kwa koleo la nyusi. Mwezi uliopita aliuza miche thelathini na mmoja, kila mmoja kwa bei inayolingana na nauli yake ya wiki kwenda kiwandani. Kila mnunuzi huondoka na glavu na karatasi yenye sentensi mbili: Usile. Usiguse jicho. Wenye watoto wanaotambaa hawauzii, hata wakiongeza bei.

Wifi sasa ndiye mkaguzi rasmi. Kamba yake ya nguo imehamishiwa upande wa pili, penye jua zaidi, jambo ambalo hajalishukuru.

Miaka minne ijayo Geuza atastaafu. Mpango wake umepandwa katika makopo saba nyuma ya tangi. Ni miche ya mbegu, si vipande vya matawi. Mwaka jana alipaka kwa brashi chavua ya ua jeupe kwenye ua lenye rangi ya waridi la tarumbeta ya jirani, akasubiri tunda, akaotesha. Kipande cha tawi huzaa ua lile lile la mama yake. Mbegu huzaa kitu kipya. Kopo la tano limetoa chipukizi la kwanza la ua, bado limefumba, kijani, refu kama kidole.

"Rangi yake siijui," anasema. "Hakuna anayeijua duniani. Hii hata tawi sikuokota kwa mtu."

Saa moja kasoro kumi anavua glavu, anaosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na kwenda kusimama mbele ya mlango. Mumewe anatoka na kikombe cha chai. Anamshika kidevu, anamgeuzia uso kwenye mwanga, anatazama jicho la kulia, anatazama la kushoto, anarudi la kulia. Amefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile, na hana haraka.

"Imepita," anasema fundi, na kumwachia aende kazini.