Nguvu Niliyokuwa Naimwaga Mteremko wa Kamachumu

Nafundisha fizikia sekondari mjini Bukoba, na kwa sababu hiyo hasa naona aibu kusimulia jambo hili. Ila bila kulisimulia nitakuwa mnyimi wa shukrani.

Mama anaishi Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye shamba la migomba aliloachiwa na marehemu baba. Ana presha ya macho. Daktari alituambia waziwazi kwamba akiachaacha kliniki atapofuka. Magoti yake hayawezi ngazi za basi, na kubebwa hataki hata kusikia. Bahati nzuri gari langu la mtumba, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme, ni la chini, anaingia mwenyewe. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa namfuata nimpeleke kliniki Bukoba.

Mwaka jana gari likaanza kuninunia. Taa nyekundu ikawa inawaka, na mlima linaupanda kwa kujivuta. Fundi mmoja mjini akasema betri kubwa imekufa, niliuze kwa vipuri. Nilirudi nyumbani Ijuganyondo nikagombana na kila mtu, hadi kuku.

Siku ya kliniki ilipofika nikajitosa hivyo hivyo. Tukiwa njiani kushuka Kamachumu, nikafanya kama baba alivyonifundisha kwenye pikapu yake: toa gia, weka fri, acha gari lijiendee, kanyaga breki kwenye kona. Huku kwetu anayeteremka na gia anaonekana mbadhirifu wa mafuta. Tulipofika Muhutwe ile taa ikawaka tena, gari likakataa kuongeza mwendo. Nikaliegesha mbele ya mashine ya kukoboa kahawa.

Mwenye mashine, mzee aliyewahi kuwa fundi magari, akatoka na pumba za kahawa hadi kwenye nyusi. Nikamweleza habari ya taa na betri iliyosemwa imekufa; boneti hakuigusa.

"Waitu, huko juu umeteremkaje?"

"Kwa fri," nikajibu, tena kwa majivuno.

Akacheka, akaniita ndani. Akazima injini yake. Lile gurudumu zito la chuma ubavuni mwa mashine likaendelea kuzunguka, na kahawa ikaendelea kukobolewa kwa muda bila tone la dizeli.

"Nguvu imo humo," alisema. "Wapo mainjinia waliofunga gurudumu kama hili ndani ya gari. Ukikanyaga breki linazunguka kwa kasi zaidi, ukitaka kuondoka linakurudishia. Gari lako linafanya kazi hiyo kwa mota na betri. Ukiweka fri, mota haivuni kitu, breki zinachemka bure. Betri yako imezeeka, haijafa. Unailaza njaa."

Nilitamani kujificha nyuma ya magunia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba nishati haipotei, inabadilika tu, na wanafunzi wakisahau nawasema. Kumbe mwenyewe nilikuwa naibadilisha kuwa joto la breki kila mwezi, nikidhani nabana matumizi.

Mzee akaniambia niliache gari liungurume pale pale mpaka betri ipate chochote. Baadaye likakubali, na kliniki tukaiwahi.

"Kasinge, waitu," Mama alimshukuru kwa Kihaya akiwa dirishani, akaushika mkono wake kwa muda mrefu.

Mwezi uliofuata niliteremka na gia, nikikanyaga breki mapema na kwa upole. Kwenye dashibodi kuna kipicha cha betri chenye vijistari vidogo sana. Nilikuwa nimemsimulia Mama habari ya njaa ya betri, ila kipicha hicho sikuwa nimemwonyesha. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeogopa hata kumuuliza anaona nini, nisije nikalisikia jibu.

"Juu kule vilikuwa vitatu," alisema ghafla. "Sasa ni vitano. Ndiyo inakula?"

"Ndiyo, Mama, inakula," nilisema, na nikalazimika kuegesha gari pembeni, maana machozi yalinizuia kuona barabara.