Stendi Yangu ya Pilau

Jamani, sikieni yaliyonipata. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa Kisenyi. Harusini kwa shemeji yangu niliwakataza wapishi kutumia mafiga, nikawaletea stendi ya sufuria, ya vyuma virefu, vyembamba. Kule gereji niliirukia juu kwa miguu miwili, haikutikisika. Mjinga mimi, niliijaribu ikiwa baridi!

Kuni zilipokolea, vyuma vikawa vyekundu, vikalegea, vikajipinda upande. Sufuria zima la pilau likamwagika. Wapishi wakakimbia.

“Nani alitengeneza hii kitu?” mama mkwe akapiga kelele.

Nikatikisa kichwa, nikajifanya nashangaa kama wengine. Kumbe chuma cha mbele kilipojipinda kilijigeuza pia, na jina langu, nililolichomelea chini yake kwa herufi kubwa, sasa lilikuwa linamtazama mama mkwe.