Siku Niliyosimamisha Mazishi ya Baba Mkubwa

Hadi leo, msiba ukitokea Murukulazo, kuna watu wanaouliza kwanza kama mimi nipo kijijini, na wakiambiwa nipo, huharakisha kuchimba kaburi. Wanasema kwa utani, nami hucheka pamoja nao, kwa kuwa mtu aliyejiaibisha mbele ya kijiji kizima hana haki ya kununa. Lakini ninyi naomba niwasimulie mkasa wenyewe kama ulivyokuwa, bila kujipunguzia chochote, kwa sababu aibu yangu ni sehemu ndogo tu ya habari hii, na mwenye sehemu kubwa hayupo hapa kusema.

Nilikuwa nimehitimu chuo, fani ya maendeleo ya jamii, nimerudi nyumbani kusubiri ajira (kusubiri ajira nayo ni kazi, ila haina likizo), na kichwa changu kilijaa mambo mawili: haki za wanawake, na ile tamthilia ya wapelelezi wa maabara. Mnaijua. Wanaingia nyumbani kwa marehemu na glavu na tochi, wanaokota unywele mmoja kwenye zulia, wanautia katika kifuko, na baada ya matangazo ya biashara mara mbili tatu muuaji amekwisha patikana. Bwenini tuliitazama kama ibada. Wenzangu walipenda mavazi na magari. Mimi nilipenda kwamba mle ndani hakuna mtu anayezikwa kwa uvumi. Niliporudi kijijini nikakuta kinyozi wetu mwenye umeme wa jua anaionyesha kila jioni, imetafsiriwa kwa Kiswahili, watu wamebanana hadi mlangoni, na haukupita muda nikawa mfafanuzi wao. Wakanibatiza jina la Mpelelezi. Nililipenda, sitawaficha.

Basi baba mkubwa Leonidasi, kaka yake baba, akafariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, miguu imevimba, akipanda kilima kidogo tu anasimama kuhema. Aliyemuuguza ni mke wake wa pili, mama mkubwa Konsolata, ambaye aliolewa akitokea Biharamulo baada ya mke wa kwanza kufariki. Hakujaliwa mtoto. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa kitabu chake cha nyimbo za kanisa, maana alikuwa mlokole, wa wale waliookoka kwelikweli, wasiogusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Watoto wa mke wa kwanza, wakiongozwa na kaka Deusi, hawakuwahi kumpenda, na kabla mwili haujapoa maneno yakaanza kupita katikati ya waombolezaji: mzee hakufa hivihivi, kuna mkono wa mtu, na tazameni vizuri yule anayelia kuliko wote.

Mnajua neno uchawi likishamshika mwanamke mzee huishia wapi. Mimi nilijua kuliko wengine, nilikuwa nimeandika juu yake insha nzima chuoni na kupata alama nzuri. Nikajiambia: leo elimu yangu itamwokoa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mama mkubwa.

Asubuhi ya mazishi niliingia sebuleni kumuaga marehemu. Nilipoinama nikaona povu limekauka puani, na kucha zake zimekuwa za bluu. Hapo ndipo ningemfunika uso, nikafanya ishara ya msalaba, nikatoka. Badala yake niliwaomba waliokuwemo wanipishe kidogo, nikafunga kanga mlangoni kutoka upande huu hadi huu ili mtu asipite (kanga ya mama yangu, yenye maua makubwa), nikavaa mikononi mifuko miwili ya mkate kwa kukosa glavu, nikapiga magoti kukagua sakafu ya udongo iliyokwisha kukanyagwa na tarafa nzima. Chini ya kitanda alichougulia palepale sebuleni nikapata kibuyu kidogo chenye masalia ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikakishika kwa vidole viwili, nikatoka nacho nje.

Watu wakakigeukia kibuyu. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pale kwa kinyozi alikuwa hakosi sehemu hata moja, akasogea.

"Haya Mpelelezi, umeona nini?"

"Mwenyekiti, baba mkubwa hakurogwa," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Uchawi hauna ushahidi. Lakini povu lina ushahidi, na kucha zina ushahidi. Inawezekana ni sumu. Naomba tusizike kwanza."

Mama mkubwa aliposikia "hakurogwa" aliinua uso. Tangu kifo kile hakuwa amemtazama mtu machoni. Alinyanyuka kwenye mkeka, akaja akanishika mkono, mfuko wa mkate na vyote, akanong'ona, "Mungu akubariki, mwanangu." Sijawahi kujiona mtu wa maana kama dakika ile.

Ningeishia hapo. Lakini wapelelezi huwa hawaishii hapo, na mimi niliona sasa nimsafishe kabisa, mbele ya wote, kwa maswali.

"Mama mkubwa, kitu cha mwisho alichokunywa ni nini?"

"Rubisi. Aliniomba."

"Nani alimpa?"

"Mimi, mwanangu. Nilikwenda kumchukulia kwa jirani."

Sasa, kwetu anayempa mtu kinywaji hutangulia kuonja yeye, mwenzake akimwona, ndipo amkabidhi kibuyu. Ni heshima, na ni kuonyesha kwamba ndani hamna ubaya. Nami nikaona hilo ndilo swali litakalowafunga midomo akina Deusi.

"Na ulionja kwanza, si ndiyo?"

Alinitazama. Nadhani angeulizwa na mtu mwingine yeyote pale angenyamaza, kwa sababu hakuwa mjinga. Alijibu kwa kuwa niliyeuliza ni mimi.

"Sikuonja. Unajua mimi nimeokoka."

"Hakuonja!" Deusi akaruka. "Mmesikia wenyewe? Kampa baba kibuyu hakuonja!"

"Kaka Deusi, sijasema ni yeye..."

"Umeuliza, kajibu. Unataka aseme mara ngapi? Na kwenye ile tamthilia yako, si mke ndiye huwa muuaji?"

"Ndiye! Ndiye huwa!" wakaitikia vijana waliokuwa kaburini, wamekwisha shika majembe, wanakuja. Nilipiga kelele kwamba ushahidi haujakamilika, kwamba ni lazima vipimo, kwamba mtuhumiwa ana haki. Mwanamke mmoja akaniambia, "Nyamaza wewe, umefanya kazi nzuri." Maneno hayo yaliniumiza kuliko tusi lolote nililotukanwa baadaye.

Mwenyekiti, Mungu amjalie, alimvuta mama mkubwa ndani ya nyumba, akasimama mlangoni, akapiga simu polisi. Walikuja na gari moja tu. Kwa hiyo jeneza liliwekwa nyuma ya gari, na mama mkubwa akakalishwa ubavuni mwa jeneza, kwa usalama wake, askari mmoja huku na mmoja kule, na kila gari lilipoingia kwenye shimo aliweka kiganja juu ya mbao lisiyumbe. Mimi nilikaa mbele kama shahidi.

"Wewe ndiye mpelelezi?" dereva akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi vua mifuko hiyo."

Nilikuwa bado nimeivaa.

Hospitalini daktari alifunua uso wa marehemu na papo hapo akamtambua. "Huyu ni mgonjwa wangu. Moyo ulikuwa umechoka siku nyingi." Akanieleza kwa upole kwamba moyo ukishindwa kazi maji hujaa mapafuni, na hilo ndilo povu, na hizo ndizo kucha. Nikamwomba basi aandike, twende tukazike wote. Akatikisa kichwa. Neno sumu lilikuwa limekwisha tamkwa mbele ya polisi. Lazima sampuli ziende kwa mkemia wa serikali, mbali, na majibu yangechukua wiki nyingi. "Mwili mnaweza kuuchukua," akasema. "Majibu mtasubiri."

Katika tamthilia hakuna wanaosubiri.

Akina Deusi waliuchukua mwili, na wakaapa kwamba yule mwanamke akikanyaga kaburini hatatoka. Polisi nao hawakutaka damu, wakampeleka Biharamulo kwa dada yake. Baba mkubwa alizikwa mkewe hayupo. Nyumba ikatiwa kufuli jipya.

Majibu yalipotoka yalisema hapana sumu. Nilikimbia nayo hadi kwa Deusi, nikihema, nikidhani kufuli litafunguliwa siku hiyohiyo. Alikuwa anakata majani ya migomba. Akanisikiliza hadi mwisho, bila hasira.

"Kwa hiyo si sumu."

"Si sumu, kaka."

"Basi ni uchawi. Wewe mwenyewe ulitusimamisha ukasema ni kimoja kati ya hivyo viwili." Akaendelea kukata majani.

Nilipanda gari hadi Biharamulo. Mama mkubwa nilimkuta uani kwa dada yake, anachagua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama mkubwa." Akaitikia marahaba kama siku zote, akanisogezea kigoda. Nilianza kumweleza habari za mkemia, na jinsi tutakavyokwenda kwenye baraza la kata kudai nyumba yake. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za wilaya nyingine. Kisha akauliza:

"Walimshushaje?"

Sikuelewa.

"Baba yako mkubwa. Alipozikwa. Waliimba wimbo gani? Nani alimwombea? Niambie, wewe unaona kila kitu."

Siku ile sikwenda kaburini. Nilijifungia chumbani kwa aibu, nikiogopa kutazamwa.

"Sikuwepo, mama mkubwa."

Mikono yake ilisimama juu ya maharage.

"Basi hakuna wa kuniambia," akasema, na akaendelea kuchagua.

Baraza la kata tumekwenda, na tutakwenda tena, kwa kuwa nyumba ile ni yake na sitachoka. Lakini nimeapa jambo moja, na ninyi mnishuhudie: sitamuuliza tena mtu mbele ya watu swali ambalo ningeweza kumuuliza tukiwa wawili jikoni. Na msiba ukitokea, hata wakinicheka, nitakwenda hadi kaburini, nikae hadi mwisho.