Alama ya Kiganja

Shemeji yangu huegesha gari kwenye kona ya mwisho kabisa ya maegesho, ubavuni mwa ukuta, ambako hakuna mtu atakayefungua mlango wake akalikwaruza. Akishuka hukunja vioo vya pembeni, hulizunguka taratibu na kupitisha kidole gumba juu ya rangi kama anayepapasa shavu la mtoto mwenye homa. Sauti yake ni ya upole. Sijawahi kumsikia akifoka.

Siku dada aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa tumbo, palikuwa na nafasi wazi karibu na mlango, na mlinzi alikuwa akimwashiria shemeji aingie. “Hapo watanigongea,” alisema kwa upole uleule, akaenda kuegesha kule ukutani. Dada alivuka uwanja wote juani, mkono mmoja tumboni, mwingine begani kwangu. Tulipofika akaegemea boneti ili apumue kidogo. Shemeji akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni, akatoa kitambaa na kufuta alama ya kiganja cha dada. Dada alimtazama mpaka akamaliza.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “niitie teksi. Tunakwenda kwa mama.”