Tangi la Mwenyekiti

Baba yangu ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu hapa Garissa, na cheo hicho hakivui hata akienda kulala. Mifereji ya kutilia udhu ilipoanza kudondosha maji kwa uchoyo, watu wakapanga foleni hadi rakaa ya kwanza ikawapita, aliona ni aibu yake binafsi.

Akaniuliza presha ya maji ni nini, maana mimi ni mwalimu wa fizikia, na karo yangu ilitoka kwa ngamia wake. Nikampa maneno ya kitabuni: ni nguvu ya maji kusukuma mahali yalipogusa. Somo akalimaliza mwenyewe: maji mengi, msukumo mwingi. Akachangisha watu, likaja tangi jeusi, pana ajabu, likawekwa juu ya matofali yale yale ya tangi la zamani.

Ijumaa mifereji ikadondosha vilevile. Wazee walinyamaza, na baba huogopa sana wazee wakinyamaza. Alasiri akatangaza nyumbani kwamba anajiuzulu.

Nilimhurumia, ingawa kicheko kilikuwa karibu. Nikachukua kalamu nikamwandikia: presha ni uzito wa lita moja ya maji, mara kimo cha maji juu ya mfereji. Fundi wa bomba, Mkamba wa Mwingi, alikuwa nasi akinywa chai, kwa hiyo baba akaacha Kisomali akasema Kiswahili chake, ambacho kila p hugeuka b.

“Sasa ukubwa ya tangi iko wabi haba?”

“Haumo, Aabo.”

“Basi ongeza.”

Nikamwambia hesabu si mchuzi. Akaikagua ile karatasi juu chini, kama anayekagua meno ya ngamia sokoni. Maneno yangu alikuwa ameyavutia upande wake bila taabu. Ile hesabu ilikataa kuvutika.

Kujiuzulu akakuahirisha, na wiki iliyofuata tangi la zamani, lile dogo, lilipandishwa juu ya nguzo za chuma. Maji yakatoka kwa nguvu yakamlowesha imamu hadi mabegani. Baada ya swala mzee mmoja akasimama kumshukuru mwenyekiti kwa tangi lake kubwa. Baba angeweza kuinamisha kichwa tu, akapokea.

“Hio kubwa haifanyi kitu,” akasema. “Mimi nilikosea. Ni hesabu ya binti yangu.”

Nilimsikia nikiwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikalia kidogo.