Mkono wa Kushikia Kikwembe

Dada yangu mkubwa alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta, na mimi, kwa kuwa naandika hadithi, nilimtungia kisa: mwanamke wa Mapendo, mtaa wetu, anakimbia kuanua nguo alizozianika juu ya mawe ya volkano, kabla mvua haijafika. Mwanamke huyo alikuwa mama yetu. Hatukumwambia. Dada alitaka amtazame tu, ajitambue mwenyewe.

Wiki nzima alihangaika na zile mbio. Mwanzoni miguu iliteleza: mwili unakwenda haraka, nyayo zinachelewa, kama mtu aliyekanyaga sabuni. Akalinganisha hatua na mwendo. Akashusha kiuno kidogo kila mguu unapotua, ili mwili uonekane una uzito. Alikuwa amejifunza kwa kutazama video za wanariadha, na mwishowe mwanamke wetu alikimbia vizuri kabisa, mikono miwili ikipishana kifuani.

Tukamwita mama. Alikuja na unga wa muhogo viganjani, akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Huyu ni nani?"

"Angalia tu, mama."

Akaangalia. "Huyu ni mutu wa mashindano. Na kikwembe yake, nani anaishika? Itaanguka, abakie uchi mbele ya majirani!"

Akarudi jikoni akicheka. Mimi nilicheka pia. Dada hakucheka.

"Hakujiona," alisema, akafunga kompyuta.

Kesho yake tulimwomba mama akimbie uani, dada amrekodi kwa simu. Mama akaenda kuvaa viatu vya misa. Alikimbia kidevu juu, anatabasamu, magoti yanapanda kama ya mwanafunzi kwenye gwaride.

"Mama, kimbia kama kawaida."

"Kawaida yangu ni gani? Muniambie basi!"

Dada akainua simu tena. Kisha tone likaanguka juu ya bati, likafuatwa na mengine, na nguo zote zilikuwa nje. Mama akavirusha viatu pembeni, akaondoka mbio.

Mkono wa kushoto ulikamata fundo la kikwembe, kile kitenge alichojifunga kiunoni. Wa kulia ukabaki peke yake kupiga hewa, na bega lake likatangulia. Macho yalikuwa chini, maana mawe yetu hukata. Hatua zake zilikuwa fupi, huku na huku, kila mguu ukijichagulia mahali. Maisha yangu yote nilikuwa nimekula, nimelala na kukua kwa mbio zile, na ndiyo kwanza nilikuwa naziona.

"Muko napiga picha, na nguo zinalowana! Mukuje mubebe, wavivu!"

Nilikimbia kumsaidia. Dada hakushusha simu.

Alipanga mbio upya kwa siku tatu, picha kwa picha. Jumapili, baada ya chakula, akamwekea mama kompyuta mezani, yeye mwenyewe akiongoza vitufe.

Safari hii mama hakuuliza ni nani. Alitazama mwanamke akivuka mawe, akatazama mawingu ya mchezo yakishuka, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Acha ile shuka! Kamata kwanza shati ya papa yenu, iko na moja tu ya misa!"

Kulikuwa na shati jeupe pale juu ya jiwe. Dada hakuwa amepanga ni la nani. Alimgeuza mwanamke haraka, akamkimbiza huko.