Mihogo Iliyobaki Nyuma

Uhuru ulimkuta Mwaija binti Kasmiri mtoto mdogo, kazi yake kufukuza nyani mahindini, bondeni kwao. Alikulia bonde lile lile, akaolewa humo humo na Mwinjuma, akamzalia Zuena. Mwaka wa sabini na nne lori la serikali likaja kuwahamisha. Wakapakia vyungu, kuku na vitanda, wakashushwa Kwedizinga kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, zote zinatazama barabara.

Mwinjuma akaenda kukata mkonge upande wa Korogwe. Mwaija akabaki na mtoto na unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita yanga. Mvua ilikuwa imewanyima. Sasa wingu la vuli lilianza kujikusanya, na yeye hakuwa na mbegu ya kutia ardhini. Mihogo yake, ile tamu ya ngozi nyekundu aliyopewa na mama yake alipoolewa, ilikuwa bado imesimama kule walikotoka. Hapa kijijini hakuna aliyekuwa nayo. Na mzee Mbwana, balozi wao wa nyumba kumi, alikwisha tangaza: hakuna kurudi, atakayekutwa kule atajibu mkutanoni.

Alasiri moja walikuwa na darasa la watu wazima ndani ya ghala la kijiji. Mwalimu wao Rosina, msichana wa Kishambaa kutoka Mpale, aliandika ubaoni neno NYUMA, akataka kila mtu alitungie sentensi.

Fatu, jirani yake Mwaija, alikuwa wa kwanza. "Mume wangu kwenye jembe yuko nyuma, kwenye sahani yuko mbele."

Ghala zima likacheka.

"Saa yangu iko nyuma," akasema mwingine.

"Huna saa wewe!"

"Ndiyo maana iko nyuma."

Rosina naye akacheka, akasema kwao mlimani neno hilo halina kazi nyingi. "Sisi ni juu na chini tu. Ukimwuliza mtu duka liko wapi, atakwambia shuka."

Mzee Mbwana, aliyekaa mlangoni na bakora yake, akakohoa. "Andika hii, mwalimu. Taifa linalojenga halitazami nyuma."

"Vizuri, mzee. Mama Zuena?"

Mwaija alimhamishia mtoto titi la pili. "Nyuma nimeacha mihogo yangu," akasema, "na keshokutwa nakwenda kuifuata."

Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu," Mbwana akasema polepole, "nikikuruhusu wewe, kesho nusu ya kijiji watakwenda. Na wakifika watajenga kibanda, na lori litarudi. Unataka lori lirudi?"

"Sitaki, baba. Nataka mbegu."

"Basi ungojee ya serikali."

"Mvua nayo itaingoja?"

Keshokutwa yake, alfajiri, alimfunga Zuena mgongoni, akashika panga na kamba, akaondoka. Hakupita vichochoroni. Alishika barabara, akawaamkia watu shikamoo kama mtu aendaye kisimani.

Jua lilikuwa limepanda sana alipofika. Paa la nyumba yake lilikuwa chini, na ngiri walikuwa wamefukua karibu shamba zima. Hakukaa kuitazama ile nyumba. Alizunguka vishimo vya ngiri akitafuta miti ya mihogo iliyosimama, akakata, akapunguza majani, akaipanga mashina upande mmoja na vichwa upande wa pili ili asije akapanda macho yakitazama chini. Mtoto alilia, akamnyonyesha amesimama. Kisha akaufunga mzigo kwa kamba, akauegemeza kwenye kichuguu, akajipinda, akajitwika.

Karibu na kijiji alimkuta Mbwana njiani na Muhidini wa mgambo.

"Tua," Mbwana akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tua mzigo, Mama Zuena."

"Nikitua, nani atanitwika? Nina mtoto mgongoni."

"Muhidini atakutwika."

"Atanitwika kunipeleka wapi?"

"Ofisini."

"Basi siwezi kutua. Udongo wangu tayari, na mbegu hii imekwisha pigwa na jua. Sikatai kujibu, baba. Kesho niite, nitakuja mwenyewe. Leo napanda."

Muhidini aliinama, akajifanya anafunga kiatu. Mbwana alimtazama mwanamke yule, shingo inamtetemeka chini ya mzigo, macho hayapepesi. Alisogea pembeni ya njia.

"Kesho asubuhi," akasema. "Usipokuja, nitaing'oa mwenyewe."

Alipanda shambani kwake kijijini mpaka giza likamzuia kuona vidole vyake. Asubuhi akaenda mkutanoni, udongo bado uko kwenye kucha. Wakamsema sana, naye akakubali kwamba alikwenda; hakusema amekosa. Wakampa adhabu ya kulima peke yake kipande kizima cha shamba la ujamaa.

"Nitalima," akasema, akaomba aonyeshwe mpaka.

Vuli ilinyesha akiwa bado hajafika katikati ya kile kipande. Mvua ikimpiga, Zuena kamfunika kwa kanga, hakukimbilia nyumbani. Fatu akamwita kutoka barazani kwake, ng'ambo ya barabara, "Mama Zuena, njoo ujikinge! Adhabu gani hiyo ya kulowana?"

"Wacha inyeshe," Mwaija akajibu, akainua jembe. "Kule kwangu inanioteshea mihogo."